Msomi Aliyekubali Kuwa Mwanagenzi

Kitabu cha Kutoka, sura ya 35, kinamtaja Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania. Tunakumbuka kwamba Mungu alimpa ujuzi wa kuchonga miti. Tunasahau kwamba alimtia pia moyoni uwezo wa kufundisha wengine.

Historia inatupa mfano wa jambo hilo mahali tusipotazamia. George Nakashima alizaliwa Marekani mwaka 1905, mtoto wa wahamiaji kutoka Japani. Alisoma hadi akawa msanifu majengo. Februari 1942, wakati wa vita, Rais Roosevelt alitia saini amri iliyofungua njia ya kuwafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia. Nakashima, mkewe na binti yao mchanga walipelekwa Minidoka, katika nyika kavu ya Idaho.

Humo alimkuta mfungwa mwenzake, Gentaro Hikogawa, seremala aliyefunzwa kwa desturi ya Kijapani. Msomi yule akakubali kuwa mwanagenzi. Alijifunza kutumia zana za mkono, kuunganisha mbao kwa usahihi na, zaidi ya yote, subira. Mbao nzuri hazikuwapo. Walitumia mabaki ya ujenzi na miti ya nyikani.

Mwaka 1943 Nakashima aliachiliwa, akahamia New Hope, Pennsylvania, ambako alifungua karakana yake. Wahenga wetu walionya: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Yeye hakuuficha ufa wa ubao. Aliufunga kwa vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo, ukabaki unaonekana, lakini hauendelei kupasuka. Mwaka 1986 madhabahu yake ya amani, iliyotengenezwa kwa mti mkubwa wa mjozi, iliwekwa wakfu katika kanisa kuu la St. John the Divine, New York.

Kambi ile ilikuwa dhuluma, nasi hatuiiti baraka. Serikali yenyewe iliomba radhi mwaka 1988. Lakini ndani ya dhuluma, fundi mmoja hakukataa kufundisha, na msomi mmoja hakuona haya kujifunza.

Hata katika sharika zetu wamo mafundi wazee, waliochonga mabenchi tunayokalia kila Jumapili. Vijana wetu wana vyeti, nao wazee wana mikono inayojua. Tusingoje hadi siku ya mazishi ndipo tuusifu ujuzi wao. Twende tukaketi karibu nao wakingali wanashika randa.