Nani Huzoa Tope la Mfereji?

Karani wa takwimu hospitalini Voi anapofunga hesabu za mwezi, wagonjwa wa malaria, chanjo za watoto na wajawazito waliohudhuria kliniki huingizwa kwenye DHIS2, mfumo ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Hakuna anayedai senti ya leseni. Msimbo wake uko wazi: unaruhusiwa kuuchukua, kuusoma, kuubadili na kuusimika kwenye seva yako mwenyewe. Lakini watu wa Chuo Kikuu cha Oslo wanaouandika wana kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha. Mishahara yao hutokana kwa sehemu kubwa na Norad, shirika la misaada la Norway, na wafadhili wa afya kama Global Fund.

Milima ya Taita ina jibu lake la zamani kwa swali la nani agharimie kitu kisichouzwa. Wazee walichimba mifereji kutoka kwenye vijito, wakaipitisha kwenye miteremko mikali hadi mashambani. Maji yenyewe hayana bei, ila zamu ya kuyatumia ina masharti. Kwanza huangaliwa ukoo wa waliochimba. Kisha huangaliwa nani hujitokeza siku ya kuzoa tope na kuziba mianya. Mtoro hutozwa faini. Kuchimba kulilipiwa mara moja na watu ambao sasa ni marehemu. Tope hurudi kila mvua inaponyesha.

Tukizipima kampuni za programu huria kwa kipimo hicho, tofauti zao huonekana upesi. Red Hat ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1993, ndiyo iliyoelewa mapema kwamba fedha ziko kwenye tope. Linux, mfumo endeshi walioutegemea, ilikuwa ya wote. Walichouza wao, kwa ada ya mwaka, ni marekebisho, ulinzi na mtu wa kupokea simu seva inapoanguka saa nane za usiku. Benki na serikali zikalipa bila kunung'unika. Mwaka 2019 IBM iliinunua kwa dola bilioni 34. Miaka minne baadaye Red Hat ikaamua kwamba msimbo kamili wa toleo lake kuu watapewa wateja, si kila mpita njia. Sheria haikuvunjwa, lakini waliouzoea mlango wazi walikasirika, na sioni walikosea wapi.

Wasweden wa MySQL, programu ya hifadhidata, walikuwa na ujanja mwingine, wa leseni mbili: bure kwa anayeacha kazi yake wazi, malipo kwa anayetaka kuificha. Kampuni ya Sun iliwanunua mwaka 2008 kwa dola bilioni moja.

Kundi linalonisumbua zaidi ni la kampuni zilizoota kwa mitaji ya wawekezaji. Mwekezaji hulipia miaka ya hasara ili programu ienee kwa kuwa ni bure, halafu anataka chake. Wakati huo huo Amazon na wenzake huichukua programu ileile na kuikodisha kwa wateja wao. Ndipo leseni zilipobanwa: MongoDB mwaka 2018, Elastic mwaka 2021, HashiCorp mwaka 2023. Mtu wa Voi atakumbuka Mzima mara moja. Tangu miaka ya 1950 maji ya chemchemi hiyo ya Tsavo Magharibi husafiri kwa bomba hadi Mombasa, na malalamiko ya Wataita kwamba wao hubaki na kiu bomba likipita hayajaisha. Ila mfano huu una kikomo. Tone lililonywewa Mombasa haliwezi kunywewa Voi, ilhali msimbo ulionakiliwa na Amazon haukupungua hata herufi. Kilichowauma wenye kampuni ni kwamba mwingine ndiye aliyekusanya fedha. Na waliobanwa ni watumiaji, ambao baadhi yao walichukua toleo la mwisho lililokuwa huru la programu moja ya HashiCorp wakaliendeleza kwa jina la OpenTofu.

Kwetu mazoea ni ya mfadhili. Ushahidi, programu huria ya kuonyesha taarifa za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Nairobi Januari 2008, katikati ya ghasia za uchaguzi, ikatumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Mwaka 2009 Omidyar Network iliiahidi hadi dola milioni 1.4. Uzuri wa ruzuku ni kwamba haidai gawio, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kufunga msimbo. Ubaya wake ni kwamba mfadhili hupenda kuchimba. Mfereji mpya hupigwa picha na kuandikiwa ripoti. Tope halina mpiga picha. Watu haohao walipotaka kuanzisha BRCK, kifaa cha kuunganisha intaneti, mwaka 2013 walichangisha zaidi ya dola 172,000 kupitia Kickstarter, lakini waliochanga walikuwa wakingoja kifaa cha kushika mkononi, kitu kisichonakilika.

Ona ya Nairobi ni kampuni ya biashara hasa: msimbo uko wazi, fedha hutokana na kuwahifadhia wateja data na kuwajengea mifumo. Ni njia ya Red Hat, isipokuwa wateja wengi wa sekta hii ni mashirika na wizara zinazoishi kwa misaada, kwa hiyo mfadhili yupo tu, nyuma ya pazia. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, kazi zilizotegemea fedha zake ziliagizwa zisimame, na KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliokuzwa kwa fedha hizo, ukaonekana ulivyoegemea nguzo moja.

Kasigau, kusini mwa Voi, nao wanauza kisichochukuliwa. Wildlife Works, kampuni binafsi, iliuza hewa ya kaboni ya msitu uliobaki umesimama. Mwaka 2011 mradi huo ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kupata vyeti chini ya kiwango cha kaboni cha VCS. Mlipaji yuko mbali, na bei hupanda na kushuka bila kumuuliza mtu wa Kasigau. Hata hivyo kuna kamati za wenyeji zinazoamua sehemu ya fedha iende kwenye karo au matangi ya maji. Karani wetu wa takwimu hana kamati kama hiyo. DHIS2 ikimsumbua, anasubiri.

Tanzania wamesogea kidogo. Kikundi cha wataalamu kiitwacho HISP katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huutunza mfumo huohuo, huchukua kandarasi na kufundisha. Kaunti 47 za Kenya zikichanga kidogo kidogo zingeweza kulipa wahandisi wa kukaa hapa, hata Chuo Kikuu cha Taita Taveta, na kurudisha marekebisho yao Oslo. Sijui tu faini ingekuwaje: kaunti isiyochanga haiwezi kufungiwa mfumo, maana hesabu zake za malaria Wizara inazihitaji mwezi huohuo.