Kipimo Kilichohamia Ndani ya Chipu

Historia nyingi za kompyuta huwasifu waliobuni mashine na kuwapita kimya waliobuni njia za kuzipima. Naona hiyo ni dhuluma. Mashine isiyopimika haiwezi kuundwa kwa maelfu, na baadhi ya hataza zilizogeuza kazi ya kuunda kompyuta zilihusu swali moja: tutajuaje kama kitu hiki ni kizima?

Tarehe 11 Julai 1939, William Hewlett, aliyesomea Chuo Kikuu cha Stanford, California, aliomba hataza ya kifaa cha kuzalisha mawimbi ya umeme ya masafa ya sauti. Wahandisi walikihitaji kwa kupimia vikuza sauti na redio: unaingiza wimbi safi upande mmoja, unaangalia kinachotoka upande wa pili. Vifaa vya namna hiyo vilikuwepo, ila vilikuwa ghali. Hewlett alitia balbu ndogo ya kawaida ndani ya saketi. Wimbi likizidi nguvu, uzi wa balbu hupata joto, ukinzani wake hupanda na wimbi hushuka. Likififia, uzi hupoa na wimbi huinuka tena. Saketi inajirekebisha yenyewe. Hataza namba 2,268,872 ilipotolewa Januari 1942, Hewlett na David Packard walikuwa wameshaanzisha kampuni yao katika banda la gari mjini Palo Alto, na Disney ilikuwa imenunua vifaa vinane kwa ajili ya sauti ya filamu ya Fantasia.

Huo ulikuwa upimaji wa nje, kifaa mezani na nyaya zinazogusa kinachopimwa. Chipu ndizo zilizouvuruga. Chukua saketi yenye seli 50 za kushika biti: inaweza kuwa katika hali zaidi ya trilioni 1,000. Ukijaribu hali milioni moja kila sekunde, itakuchukua zaidi ya miaka 35 kuzimaliza. Tena seli zenyewe zimezama ndani, hakuna waya wa kuzifikia.

Edward Eichelberger wa IBM alilikabili tatizo hilo kwa kumbana mbunifu badala ya mpimaji. Katika hataza namba 3,761,695, iliyotolewa Septemba 1973, alitaka saketi isanifiwe kwa kanuni kali: kazi yake isitegemee bahati ya ishara gani imewahi kufika, na seli zote ziweze kuunganishwa kuwa mnyororo mmoja wakati wa kupima. Biti zinasukumwa kupitia mlango mmoja hadi kila seli ipate thamani iliyochaguliwa. Saketi inaachwa ifanye kazi hatua moja. Kisha majibu yanasukumwa nje na kulinganishwa na yale yaliyotarajiwa. Matrilioni ya hali hayahitajiki tena, kwa kuwa kila kipande kati ya seli kinapimwa peke yake. Chipu inanenepa kidogo kwa sababu ya saketi za ziada, na mbunifu anapoteza uhuru fulani. Kwa maoni yangu hakuna gharama iliyolipa vizuri zaidi katika ufundi huu. Japani nako, wahandisi wa NEC walieleza njia inayofanana na hiyo mwaka 1975.

Miaka ya 1980 tatizo likahamia kwenye bodi zinazobeba chipu. Viwanda vilizoea kuibana bodi juu ya safu ya sindano zenye springi, kila sindano ikigusa kiungo chake. Vijenzi vilipopungua ukubwa na kujaa pande zote mbili, sindano zilikosa pa kugusa. Mwaka 1985 kampuni za elektroniki za Ulaya ziliunda kikundi kilichokuja kujulikana kama JTAG, nacho kikapeleka mnyororo uleule hadi kwenye pini za chipu, ukiendeshwa kwa nyaya nne tu. IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, iliuidhinisha kuwa kiwango namba 1149.1 mwaka 1990, mwaka uleule ambao hataza ya Eichelberger ilitimiza miaka 17, ukomo wake kwa sheria ya Marekani ya wakati huo. Kupitia nyaya hizo nne, mafundi leo huingiza programu katika vifaa vilivyogoma kabisa kuwaka.