Kabla Hawajang'ara: Jicho, Daftari na Ugomvi wa Besiboli

Tarehe 26 Septemba 2024 watu 46,889 walifurika uwanja wa Coliseum mjini Oakland, California, kuiaga timu yao ya besiboli. Athletics waliwashinda Texas Rangers 3-2, na hapo misimu 57 ikafika tamati. Klabu iliyohamia Oakland mwaka 1968 ikitokea Kansas City ilifungasha virago kwenda kwenye uwanja mdogo wa West Sacramento, huku ikisubiri makao mapya Las Vegas.

Ubingwa wa 1972, 1973, 1974 na 1989 una haki ya kukumbukwa. Hata hivyo, Oakland iliacha kitu kilichoenea mbali kuliko vikombe hivyo. Ni ndani ya klabu hii ambamo mwaka 2002 wazee wa kusaka vipaji, yaani maskauti, na vijana wa kompyuta walikabana makoo juu ya swali linalomnyima usingizi kila kiongozi wa michezo: utamjuaje leo mchezaji atakayechanua kesho? Mji uliolea ugomvi huo sasa umebaki bila timu ya ligi kuu, na ugomvi wenyewe husimuliwa siku hizi kana kwamba kompyuta ilishinda, wazee wakaaibika. Mambo hayakwenda hivyo, na ni dhuluma kwa wazee wale kuyaacha yaendelee kusimuliwa namna hiyo.

Mlinzi wa usiku

Mwanzo wa safari unajulikana. Henry Chadwick, mwandishi wa habari aliyezaliwa Uingereza mwaka 1824, ndiye aliyewazoesha Wamarekani kusoma mchezo mzima katika jedwali dogo gazetini. Tangu hapo besiboli ikawa mchezo wa kumbukumbu: nani alipiga, nani alikosa, nani alifika besi.

Mwaka 1947 Branch Rickey, bosi wa Brooklyn Dodgers, alimwajiri Allan Roth wa Montreal kuwa mtu wa takwimu wa klabu, kazi ambayo hakuna klabu nyingine iliyokuwa na mtu wa kuifanya muda wote. Mwaka huohuo Rickey alimwingiza uwanjani mchezaji Mweusi, Jackie Robinson, na kuvunja ukuta wa rangi katika ligi kuu. Robinson alikuwa amefuatwa mwaka 1945 na skauti Clyde Sukeforth, aliyetumwa kwenda kumtazama. Rickey alikuwa na daftari, na alikuwa na jicho. Hakuona sababu ya kuachana na kimojawapo.

Kisha akaja Bill James. Huyu hakuwahi kuwa mchezaji maarufu wala kiongozi wa klabu. Alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha maharage ya kopo mjini Lawrence, Kansas, na katika zamu hizo ndefu alichambua takwimu. Mwaka 1977 alichapa kitabu chake cha kwanza kwa fedha zake, akauza nakala 75. Hakukata tamaa. Katika miaka ya 1980 alionyesha kwamba wapigaji wengi hufikia kilele wakiwa na miaka 27 hivi, mapema kuliko watu wa besiboli walivyozoea kuamini. Alionyesha pia namna ya kutafsiri takwimu za ligi ndogo ili zisomeke kama takwimu za ligi kuu. Kwa klabu maskini hiyo ilikuwa siri ya thamani kubwa: usimlipe mtu kwa alivyokuwa jana, mnunue akiwa njiani kupanda. Klabu zilimpuuza James kwa robo karne, hadi Boston Red Sox walipomwajiri mwishoni mwa 2002. Miaka miwili baadaye Boston ilitwaa ubingwa ambao haikuuonja tangu 1918.

Juni 2002

Oakland ilimsoma James mapema kwa sababu ya shida. Mwaka 2002 mishahara yake ilikuwa kama dola milioni 40, wakati New York Yankees walilipa takriban milioni 125. Nyota wake Jason Giambi alikuwa amekwenda Yankees na Johnny Damon akaenda Boston. Kwa msaada wa fidia ya kuondokewa na nyota, Oakland ilikuwa na nafasi saba kati ya 39 za mwanzo katika uteuzi wa chipukizi wa Juni, siku ambayo klabu huchagua kwa zamu vijana wa sekondari na vyuo vikuu.

Aliyeandika habari za siku zile ni Michael Lewis, katika kitabu chake Moneyball cha mwaka 2003. Meneja mkuu Billy Beane alikuwa na kidonda cha zamani. Mwaka 1980 yeye mwenyewe alichaguliwa na New York Mets katika raundi ya kwanza, kwa kuwa kila skauti aliyemwona alisema kijana huyu ameumbwa kwa ajili ya mchezo: mrefu, mwepesi, mwenye nguvu. Alimaliza maisha yake ya uchezaji na wastani wa upigaji wa 0.219, kiwango cha mpigaji wa kukaa benchi. Macho yaliyomsifu yalikuwa yamemdanganya, na Beane hakuyasamehe.

Kando yake aliketi Paul DePodesta, mhitimu wa uchumi wa Harvard, na kompyuta yake ya mkononi. Mbele yao walikuwapo maskauti waliokula vumbi la viwanja vya shule kwa miongo, watu wanaoweza kumtazama kijana akirusha mipira michache wakakuambia bega lake litadumu au halitadumu.

Ugomvi ulimlenga Jeremy Brown, mdakaji wa Chuo Kikuu cha Alabama. Maskauti walimwona mnene, mzito wa miguu, asiye na umbo la mwanamichezo. DePodesta alisoma rekodi: katika historia ya ligi ya vyuo ya kusini mashariki, Brown alikuwa peke yake aliyefikisha mipigo 300 na kupewa besi ya bure mara 200. Besi ya bure hutolewa mrushaji anapokosea shabaha mara nne, na mpigaji huipata kwa uvumilivu, kwa kukataa kuushambulia mpira mbovu. Maskauti hawakuuhesabu uvumilivu kuwa kipaji, ilhali Beane aliuona kuwa ndicho kipaji chenyewe. Brown, ambaye klabu nyingine zilimweka mbali kabisa mkiani, alichaguliwa wa 35 nchi nzima, na wazee wakaondoka wameudhika.

Miezi mitatu baadaye Oakland ilishinda michezo 20 mfululizo. Wa 20 ulipigwa tarehe 4 Septemba: waliongoza 11-0, wakafikiwa 11-11, kisha Scott Hatteberg, mdakaji wa zamani mwenye kiwiko kilichoumia ambaye soko lilikuwa limemtupa, akaupeleka mpira nje ya uzio na kumaliza kazi 12-11. Dunia ikaamini kwamba daftari limeshinda.

Lakini ubashiri haupimwi kwa Septemba moja. Brown alicheza michezo mitano tu katika ligi kuu, mwaka 2006, na 2008 akastaafu. Nick Swisher na Joe Blanton, waliochaguliwa siku ileile, walikuja kutwaa ubingwa wa dunia wakiwa na klabu nyingine. Tofauti ni kwamba Swisher alipendwa na pande zote mbili: maskauti walimtaka, na takwimu zilimtaka. Hilo lilikuwa fundisho la wazi, likapotea katika kelele za ushindi.

Mfupi wa Boston

Wakati Lewis akiandika, kijana mshauri wa kampuni ya uhasibu jijini Chicago, Nate Silver, alikuwa akijenga mashine ya kubashiri. Aliipa jina PECOTA, kwa heshima ya Bill Pecota, mchezaji wa kawaida wa Kansas City aliyekuwa na desturi ya kuisumbua Detroit, timu ambayo Silver aliipenda tangu utotoni. Mwaka 2003 mashine hiyo ikaanza kutumika hadharani.

Ilifanya kazi kwa kutafuta mapacha. Ukiipa mchezaji wa miaka 24, ilipekua wachezaji wa miongo iliyopita, ikawaokota waliofanana naye kwa umri, umbo na mwenendo wa takwimu, kisha ikatazama nini kiliwapata baadaye. Haikutoa jibu moja. Ilitoa ngazi ya uwezekano, kuanzia msimu mbaya hadi msimu wa ndoto. Pia ilipima nafasi ya mpigaji kuchanua, yaani kupanda kwa angalau asilimia 20 juu ya wastani wa misimu yake mitatu iliyotangulia. Kabla yake watu walisema tu kwamba fulani ataibuka. Silver aliwalazimisha waseme ni kwa uwezekano kiasi gani, na huo ni uungwana ambao wachambuzi wengi wa michezo hawajaufikia mpaka leo.

Ushindi mkubwa wa PECOTA ulikuwa Dustin Pedroia. Boston walimchagua mwaka 2004 katika raundi ya pili, namba 65, akiwa kijana wa kimo cha sentimita 175 kwenye karatasi, na waliosimama naye walisema hata hizo ni za kumpendelea. Jarida la maskauti lilimweka wa 77 kati ya chipukizi wa 2006. PECOTA ikamweka wa nne. Alipopewa nafasi mwaka 2007 alianza vibaya, na Aprili ikaisha wastani wake ukiwa chini ya 0.200. Mashabiki walitaka aondolewe. Boston walivumilia, kwa kuwa daftari liliwaambia kwamba mwezi mmoja hauwezi kufuta miaka mitatu ya ushahidi. Alimaliza msimu na 0.317, akawa mchezaji bora mpya wa American League, Boston ikatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi hiyo yote.

Kwa wengi hadithi huishia hapo. Silver mwenyewe, na hapa anastahili heshima kubwa kuliko kwa Pedroia, hakuiishia hapo. Katika kitabu chake The Signal and the Noise cha 2012 alirudi kwenye orodha ileile ya 2006, akachukua chipukizi 100 wa PECOTA na 100 wa maskauti, akahesabu ushindi ambao kila kundi lilizipatia klabu kufikia 2011. Kundi la PECOTA lilileta ushindi 546. Kundi la maskauti lilileta 630.

Wazee walikuwa wameshinda, na aliyetangaza matokeo ni mshindani wao. Sababu aliyoitoa ni rahisi: maskauti walikuwa wamejifunza kusoma takwimu, na juu yake wakaongeza yale yasiyoandikika kwenye jedwali, kama bidii ya kijana, afya ya bega lake na namna anavyopokea aibu ya kushindwa. Oakland yenyewe iliongeza fedha za maskauti baada ya kitabu cha Lewis. Klabu iliyosifiwa kwa kuwafukuza wazee ilikuwa ikiwahitaji zaidi.

Baada ya hapo

Miaka iliyofuata imekuwa ya vipimo. Tom Tango alionyesha kwa mfumo wake wa Marcel kwamba ukichukua misimu mitatu, ukaipa uzito tano, nne na tatu kuanzia wa karibuni, ukamvuta mchezaji kidogo kuelekea wastani wa ligi na kurekebisha umri, unapata ubashiri ambao mashine kubwa huhangaika kuushinda. Tangu 2015 mfumo wa Statcast hupima kasi ya kila mpira unaotoka kwenye gongo, katika kila uwanja wa ligi kuu.

Bado wapo waliozikwepa hesabu zote. José Bautista wa Toronto, ambaye hakuwahi kuvusha uzio mipira zaidi ya 16 kwa msimu, alivusha 54 mwaka 2010. J.D. Martinez aliachwa na Houston Machi 2014, akaenda Detroit na kupiga 0.315. Wote wawili walikuwa wamebadilisha namna ya kuzungusha gongo. Rekodi iliwajua watu wa zamani, na wale hawakuwepo tena. Mtu aliyesimama kando ya wavu wa mazoezi ndiye angeweza kuwaona wapya.

Ndiyo maana inasikitisha kuona klabu zikiwapunguza maskauti, kama Houston ilivyofanya mwaka 2017, kwa hoja kwamba video na vipimo vinatosha. Kwa nani vinatosha? Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series huko Pennsylvania, na wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Tangu hapo Los Angeles Dodgers wamewasajili warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, na Pittsburgh Pirates wakamchukua David Matoma. Vijana hawa hawakutoka kwenye ligi yenye miongo ya kumbukumbu ambamo mashine ingewatafutia mapacha. Kila mfumo unaohitaji misimu mitatu ya takwimu ungewaruka. Walihitaji mtu wa kuwatazama kwa jicho la kazi na kuthubutu kusema: huyu.

Haki kwa vijana wa namna hiyo inadai mambo mawili. La kwanza ni la Kampala, na ni la kila chama cha michezo cha Afrika Mashariki: kila mchezo wa watoto uandikwe, hata kwa kalamu kwenye daftari la shule, kwa maana kijana asiye na rekodi anaanza safari akiwa nyuma ya mwenzake wa Marekani mwenye rekodi tangu darasa la nne. La pili ni la wenye klabu tajiri: wamrudishe skauti barabarani na wamlipe vizuri. Hesabu ya 630 kwa 546 imo kitabuni tangu 2012, na atakayewafukuza wazee hawa leo hawezi kusema hakuambiwa.