Kibaba cha Mfululizo Usio na Mwisho

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema haba hizo ni ngapi, wala kama zikiongezwa bila ya mwisho kibaba kitajaa tu au kitafurika. Swali hili laonekana kuwa la mzaha, lakini liliwashughulisha wanavyuoni wa Ulaya kwa karne nyingi, na bila ya jawabu lake mtawanyiko wa mambo mengi ya bahati haupimiki. Nia ya insha hii ni kulifuata jambo hilo kwa mfano mmoja, na kuonyesha kwamba hesabu ambayo mwanafunzi huipokea leo katika mstari mmoja ilikusanywa vipande vipande na watu walioishi mbalimbali.

Mfano wenyewe ni huu. Mtu anatupa sarafu iliyo sawa mpaka upande wa kichwa utokee kwa mara ya kwanza. Idadi ya mitupo ni kigeu cha nasibu: yaweza kuwa 1 kwa uwezekano wa nusu, 2 kwa robo, 3 kwa thumuni, na kuendelea hivyo bila ya kikomo. Twataka kujua wastani wa mitupo, na varianzi yake, yaani wastani wa miraba ya tofauti baina ya kila idadi na wastani huo. Njia fupi ni kutafuta wastani wa miraba ya idadi zenyewe, kisha kutoa mraba wa wastani. Basi twahitaji jumla mbili zisizo na mwisho.

Jumla ya kwanza ilikwisha kupatikana katika karne ya 14. Nicole Oresme, Mfaransa aliyefariki mwaka 1382 akiwa askofu wa Lisieux, hakuwa akiwaza sarafu, aliwaza mwendo. Kitu chaenda kwa kasi 1 katika nusu ya kwanza ya muda, kasi 2 katika robo inayofuata, kasi 3 katika thumuni, na kadhalika. Je, kitakwenda umbali gani? Alitumia miraba miwili iliyo sawa. Mmoja aliuacha kuwa msingi; wa pili aliukata nusu, robo, thumuni, na vipande hivyo akavipanga juu ya msingi kama ngazi. Ngazi ilipanda bila ya mwisho, lakini eneo lake halikupita ile miraba miwili. Jumla, basi, ni 2. Oresme huyo huyo alithibitisha pia kwamba 1 na nusu na theluthi na robo na wenziwe, ijapokuwa kila kimoja ni kidogo kuliko kilichotangulia, hufurika kila kibaba. Hivyo haba haziaminiki kwa udogo wake.

Jumla ya pili ilimngoja Jakob Bernoulli wa Basel. Alifariki mwaka 1705, na kitabu chake juu ya sanaa ya kukisia kilipigwa chapa mwaka 1713 pamoja na risala yake ya mifululizo isiyo na mwisho. Humo mna jumla ya 1 kwa nusu, 4 kwa robo, 9 kwa thumuni, 16 kwa sehemu ya kumi na sita, na kuendelea. Yaweza kupatikana hivi: iite jumla hiyo S. Sogeza kila kiungo nafasi moja mbele na kukigawa kwa 2. Utapata nusu ya S. Toa hiyo katika S. Katika nafasi ya kila idadi itabaki tofauti ya miraba miwili inayofuatana, nayo ni maradufu ya idadi hiyo kasoro 1. Jumla ya maradufu ni 4, kwa hesabu ya Oresme. Jumla ya zile 1 ni 1. Nusu ya S ni 3, na S ni 6. Ukitoa mraba wa wastani, yaani 4, varianzi ni 2.

Lakini mwaka huo huo wa 1713 Nicolaus, mpwawe Jakob, alimwandikia Montmort swali la mchezo ambao malipo yake huongezeka maradufu kwa kila mtupo. Daniel Bernoulli alilieleza katika makala iliyotoka St. Petersburg mwaka 1738, kwa sura ya sarafu. Malipo ni 1, 2, 4, 8. Kila kiungo cha wastani ni nusu. Na nusu zisizo na mwisho hazina jumla. Kuna hila iliyofichika zaidi. Malipo yakiwa vipeuo vya pili vya 2, 4, 8 na kuendelea, wastani upo, nao ni kama 2.41. Ila miraba yake huleta 1, na 1, na 1 daima: varianzi haina kikomo. Mwenye kutazama wastani tu angedhani amesimama penye ardhi ngumu.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Bienaymé mwaka 1853 na Chebyshev mwaka 1867 walithibitisha, kwa kutegemea varianzi, jinsi wastani wa majaribio mengi usivyopotea mbali na wastani wa kweli. Varianzi ikikosa kikomo, dhamana yao haisemi lolote. Jina lenyewe lilikuja baadaye: Ronald Fisher alilitoa mwaka 1918 katika makala juu ya urithi baina ya jamaa.

Basi anayesema kwamba varianzi ilianza na Fisher ataja siku ya kupewa jina, si siku ya kuzaliwa. Na mwalimu anayeandika ubaoni alama ya jumla isiyo na mwisho awaulize kwanza wanafunzi wake kama kibaba hicho hujaa au hufurika. Maana bila ya swali hilo, kanuni ni sahihi na jawabu ni uongo.