Moto na Siri ya Mpira

Katika karne ya 19, wazee wetu wa pwani walipokuwa wakigema utomvu wa mibungo ya mwituni na kuuviringisha mabonge ya kupelekwa sokoni Unguja, wanazuoni wa Ulaya nao walikuwa wakisumbuliwa na mpira huo huo, ambao haukukubali kuganda fuwele kama chumvi wala kuchemka kwa utulivu kama maji, hata waujue asili yake. Michael Faraday alikwisha kuthibitisha, mwaka 1826, kwamba umeumbwa kwa kaboni na haidrojeni tu, kwa kadiri ya atomu 5 kwa 8; lakini kadiri si umbo.

Ndipo mwaka 1860 Mwingereza Charles Greville Williams alipoutia mpira katika chombo kilichozibwa, akaupasha moto mkali, akaukeneka mvuke wake. Na hapa tusipite kwa haraka, kwani mpira uchomwao penye hewa huwaka, ukaishia moshi na masizi, ilhali ule ulionyimwa hewa hauwaki, bali hukatika. Alichokinga Williams ni kiowevu chepesi, kichemkacho kabla ya nyuzi 40 za sentigredi, akakiita isoprini. Naye Gustave Bouchardat, huko Ufaransa mwaka 1879, akairejea njia kinyume: aliichanganya isoprini na asidi ya hidrokloriki, akapata kitu chenye kunyumbuka kama mpira wenyewe.

Kwangu mimi ushahidi huo ulikuwa dhahiri kama ushanga uliokatika uzi na kutungwa upya. Walakini wanakemia wengi walishikilia kwamba mpira ni molekuli ndogo zilizokusanyana tu, hata Hermann Staudinger, mwaka 1920, alipodai kuwa zimefungamana kweli kweli katika minyororo mirefu mno. Alipingwa miaka mingi, na Tuzo ya Nobel haikumfikia ila mwaka 1953.

Chombo cha kupimia namna minyororo hiyo ikatikavyo kwa moto nacho kilikuwa tayari, kwani Mjapani Kotaro Honda alikuwa amekwisha kuunda, mwaka 1915 mjini Sendai, mizani ambayo mkono wake mmoja ulining'iniza kitu ndani ya tanuri, ili uzito wake usomwe kila joto lilipopanda. Yeye alipima chumvi na madini. Waliomfuata wakapima plastiki, nazo pia ni minyororo, wakaona kwamba kila moja hufa kifo chake. Polithini hukatika popote, ikatoa vipande vya kila urefu. Ile ya mabomba, yenye klorini, hutapika kwanza asidi yake, na kilichosalia kikasawijika. Lakini plastiki angavu ya akriliki hufumuka toka nchani, shanga baada ya shanga, ikarudia takriban yote kuwa kile kiowevu iliyoundwa nacho. Kwa hiyo mabaki yake hupashwa moto viwandani, na kiowevu kikingwacho kikamiminwa tena kuwa vioo vipya.