Mafuta ya Changamwe na Ugomvi wa Kenya na Uganda, 1976

Changamwe, ng'ambo ya Makupa, aghalabu hutajwa katika historia ya Mombasa kwa ajili ya reli na viwanda tu. Hata hivyo, ugomvi mkubwa wa Kenya na Uganda wa mwaka 1976 hauwezi kueleweka vyema bila ya kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi hapo mwaka 1963. Mafuta ghafi yalipakuliwa bandarini, yakasafishwa, kisha yakapelekwa bara kwa mabehewa na malori. Bomba la kwenda Nairobi lilikuwa halijakamilika hadi mwaka 1978. Uganda, isiyo na pwani, na ambayo mtawala wake alikuwa amekosana na Tanzania, haikuwa na njia nyingine ya maana.

Vita vya Waarabu na Israel vya Oktoba 1973 vilizidisha uzito wa jambo hili. Katika miezi michache bei ya pipa la mafuta ghafi ilipanda kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Uganda, ambayo biashara yake ilikuwa imevurugika tangu Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, ililemewa na madeni.

Mnamo Februari 1976 Rais Idi Amin alitoa madai kwamba sehemu ya magharibi ya Kenya, hadi karibu na Nairobi, ilikuwa ya Uganda. Madai hayo hayakuwa ya kubuni matupu, kwani mwaka 1902 Waingereza walilihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Lakini redio haikuyachukua kama somo la historia. Yalisikika kama tangazo la vita, na yalijibiwa vivyo hivyo katika magazeti ya Nairobi na katika mikutano ya hadhara. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walikataa kushughulikia shehena za Uganda.

Wanaisimu wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Amin alikuwa amekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Mwaka uliofuata Kenyatta aliamuru kitumiwe bungeni. Wengi walishangilia hatua hizo kama ushindi wa lugha ya umoja. Kumbe lugha inayowaunganisha watu huwawezesha pia kutukanana bila ya mkalimani!

Kwa serikali ya Kenyatta madai hayo yalikuja kwa wakati wa kufaa. Kuuawa kwa J. M. Kariuki mnamo Machi 1975 kulikuwa kumeitikisa vibaya, na maswali yalikuwa hayajakwisha. Adui wa nje aliwapa wananchi kilio kingine, na waliokuwa wakiilaumu serikali walijikuta wamesimama nayo jukwaani kuitetea mipaka. Amin mwenyewe alianza kulegeza maneno kabla ya mwezi huo kwisha, lakini faida ya kisiasa jijini Nairobi ilikuwa imekwisha kupatikana.

Mwezi Julai, baada ya makomando wa Israel kuwaokoa mateka Entebbe na ndege zao kupitia Nairobi, Wakenya waliokuwa Uganda waliuawa. Safari hii jibu halikuwa la maneno. Kenya ilidai bidhaa zipitazo kwake zilipiwe kwa fedha za Kenya, na mafuta yakaacha kufika Kampala. Amin alilalamika kwamba nchi yake imezingirwa. Nairobi ilisema inadai malipo yake tu. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo siasa yenyewe: “kuzingira” ni kitendo cha vita, “kudai malipo” ni haki ya muuza duka. Ndiyo sababu Kenya iliweza kubana bila ya kupiga risasi, wala kukiri kwamba inabana.

Mnamo Agosti pande zote mbili zilipatana, na mabehewa yakaanza tena safari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka uliofuata. Kiwanda cha Changamwe kiliendelea kusafisha mafuta hadi mwaka 2013, kisha matangi yake yakageuzwa ghala.