Aliyejifungua kwa upasuaji aweza kuzaa kwa njia ya kawaida

Mwanamke aliyejifungua mtoto wa kwanza kwa upasuaji si lazima apasuliwe tena katika uzazi unaofuata. Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 1916, pale daktari Edwin Cragin wa New York alipoonya kwamba upasuaji mmoja huleta mwingine. Enzi zake kizazi kilichanwa wima, na kovu la namna hiyo hufumuka kwa urahisi.

Siku hizi wengi huchanwa kwa ulalo, sehemu ya chini ya kizazi. Kwa kovu hilo, karibu wanawake watatu kati ya wanne wanaojaribu hufanikiwa. Kizazi hupasuka kwa takriban mmoja kati ya 200. Ni wachache, ila ajali hiyo yaweza kumwua mtoto, hata mama, kwa muda mfupi.

Kovu la ngozini halionyeshi mchano wa ndani. Kwa hiyo karatasi ya hospitali ya wakati ule, ambayo aghalabu hupotea kabatini, ina thamani kuliko kumbukumbu ya mama. Daktari hutazama pia sababu ya upasuaji: mtoto kutanguliza matako huenda kusijirudie, bali nyonga nyembamba haipanuki. Nafasi ya chini ya miezi 18 baina ya uzazi huongeza hatari.

Uzazi huo hufanyika hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba saa zote, si zahanati wala nyumbani. Dawa za kuchochea uchungu huzidisha hatari, na za kienyeji hazina kipimo. Maumivu yasiyotulia baina ya uchungu mmoja na mwingine, kutokwa damu, au mapigo ya moyo wa mtoto kubadilika, humpeleka mama kwenye upasuaji mara moja.